Kutoka kwenye kiti ungali mzima

Wenzetu wameandika katika kitabu hiki juu ya ndoa, juu ya mapacha, juu ya namna ya kuzika. Sisi tumeombwa tuandike juu ya mamlaka ya kimila, kwa sababu tumezaliwa katika nyumba ya shefu. Tumekubali, lakini ndugu wasomaji watuvumilie: tutaandika juu ya mila ambayo hatunayo.

Katika Bushi mtu akiingia kwenye kiti kuna kazi yake. Kuna wazee wa siri, bajinji, wanaojua nani anafuata na wanaojua kufunga mdomo mpaka siku ifike. Na mwami akifa kuna kazi yake pia. Hata mkubwa wa kijiji kidogo anajua atakavyowekwa na anajua atakavyozikwa. Lakini mtu anayetoka kwenye mamlaka angali mzima, anakula, anatembea, anakutana na watu sokoni Mugogo, huyo mila haina neno juu yake. Kuna mlango wa kuingilia na kuna kaburi, basi.

Mtatuambia: na Mwami Kabare Rugemaninzi je? Kweli, Wabeleji walimtoa katika miaka ya 1930 wakampeleka mbali. Lakini angalieni vizuri. Huyo alitolewa na mgeni, na watu wakaendelea kumhesabu kuwa ni mwami wao mpaka akarudi, nchi ikiwa karibu na uhuru. Kutolewa na mgeni si aibu, pengine kunaongeza heshima. Sisi tunasema juu ya kutolewa na watu wako mwenyewe, kwa karatasi, mchana, bila kelele. Kitu hicho kilitupata mwaka 2006, na hatukujua tukae namna gani.

Baba mukubwa wetu hakuwa shefu mwenyewe. Kiti cha grupema kilikuwa kwa mkubwa wake. Lakini yeye njo alikuwa amesoma, na vita vilipotulia kidogo, viongozi walipogawana nafasi baada ya mapatano ya Sun City na Pretoria, jina lake likaingia katika orodha. Wote mnakumbuka tranzisyo ile: rais mmoja na makamu wanne, Bunge la watu 500, Seneti ya watu 120, na hakuna hata mmoja aliyepigiwa kura. Walitajwa tu. Kwetu jambo hilo halikuwa la ajabu. Tulikuwa tumezoea kwamba mkubwa anatajwa, hachaguliwi. Mwaka 2003 alipanda ndege kwenda Kinshasa akiwa na malete nyeusi mpya, na sisi tuliona kwamba mambo yamerudi mahali pake: mtoto wa nyumba ya shefu anasema kwa niaba ya watu wa shefu. Nani mwingine angesema?

Tuseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Hakuiba, au kama aliiba hatukuona. Alisaidia watu kwa makaratasi, alilipia watoto wengi minerval, alizika maiti nyingi. Kitu kimoja tu hakukifanya: hakurudi kuuliza. Akija likizo, watu walikuja kumwona yeye, walipiga makofi ya heshima, waliketi chini, walieleza shida zao, na yeye alijibu. Kutembea mpaka kwa watu, mpaka kule juu ambako watu walikuwa wanalala porini kwa kuogopa watu wa msituni, hapana. Mkubwa hatembelei, anatembelewa. Hiyo pia tuliiita mila.

Halafu kura zikaja. Mwaka 2005 tulifanya foleni ya kupata karte, mwezi wa kumi na mbili tukapiga kura ya Katiba, na mwaka 2006 tukaambiwa kwamba tarehe 30 mwezi wa saba tutachagua rais na madepute. Wagombea urais walikuwa 33. Wagombea viti 500 vya Bunge walipita 9.000 katika nchi nzima. Karatasi ya madepute ilikuwa kubwa, mzee akiifungua ndani ya kile kisanduku cha kartoni inamfunika mpaka magoti. Na majina yote yako pale, mwalimu pembeni ya mfanyabiashara, mtoto wa shefu pembeni ya mtoto wa mtu tusiyemjua.

Hapa njo kosa letu lilianza, na tunasema letu kwa sababu sisi tunaoandika tulikuwa sekreteri wa kikao cha ukoo. Tulikaa usiku mmoja na kasiksi katikati, tukajadiliana kama Baba mukubwa atafanya kampeni. Vijana walisema atembee kijiji kwa kijiji, achape tirikoti zenye sura yake, agawe chumvi kama wengine. Wazee walikataa. Mmoja alisema: «Mtoto wa nyumba hii aombe kura kama mtu anayeuza karanga stendi?» Sote tulicheka, na kicheko kile kilifunga kikao. Sisi tuliandika uamuzi kwa kalamu yetu, kwa Kifaransa kizuri, kwamba heshima ya nyumba inajulikana na haihitaji kutangazwa. Mpaka leo tunaona kwamba kugawa chumvi ni kuwatukana watu, na tirikoti zile zilichakaa kabla ya Noeli. Katika hilo hatujabadilika. Lakini kati ya kugawa chumvi na kukaa nyumbani ukingojea makofi kuna njia nyingine, ya kwenda na kusikiliza, na njia hiyo hakuna aliyeitaja usiku ule, hata sisi.

Siku ya kura ilikuwa Dimanshi. Misa ilikwisha mapema. Watu walisimama mistari mirefu, wakina mama na watoto mgongoni, wazee na fimbo, hakuna fujo. Tunakiri kwamba ilikuwa nzuri kutazama, hata kwetu sisi tusioipenda. Usiku walihesabu kwa mwanga wa taa za betri, na matokeo wakayabandika mlangoni mwa darasa. Sisi tulienda kusoma saa kumi na mbili asubuhi. Tulisoma mara ya kwanza, tukafikiri tumekosea mstari. Tukaweka kidole. Kura za Baba mukubwa katika biro ile, katika kijiji chetu wenyewe, hazikufikia hata hesabu ya majina ya ukoo wetu. Maana yake ni kwamba hata ndani ya nyumba kuna waliopita pembeni. Biro zingine zilikuwa vile vile.

Kurudi nyumbani ilikuwa mbali siku ile, na ni mita mia nne.

Basi habari ilienea, na kuanzia mchana watu wakaanza kuja. Walikuja namna ya kilio. Wanawake walikaa chini kwenye mikeka, vikwembe vimefungwa kiunoni, hawasemi. Wanaume waliketi nje kwenye mabenchi, wanatazama chini. Mmoja alileta makala, mwingine kibakuli cha maharagi. Hakuna aliyewaita. Hawakuwa na desturi nyingine ya kufanyia jambo kama lile, kwa hiyo walichukua desturi iliyo karibu. Na Baba mukubwa mwenyewe alikuwa amekaa pale ndani kwenye kiti chake, redio mkononi, mzima, anakohoa! Mpaka mama mmoja mzee sana, shangazi yake, aliingia na fimbo, akatazama mikeka ile, akasema kwa sauti kubwa: «Nani amekufa hapa? Munalia nani?» Hakuna aliyejibu. Akamgeukia Baba mukubwa: «We uko mufu?» Akajibu: «Hapana, shangazi.» «Basi simama, uwape watu kinywaji.»

Alisimama. Lakini siku ile wengine wetu hatukusimama, na hapo ndipo jambo tunalotaka kuandika.

Kwa msomaji asiye wa huku, tueleze kidogo juu ya udongo. Katika Bushi kuna kalinzi, nayo ni ng'ombe unayompa mkubwa wa udongo ili upate shamba lako wewe, na watoto wako, na wajukuu. Ni mkataba wa vizazi. Na kuna bwasa. Hiyo ni kukodi: unalima msimu mmoja, miwili, unalipa kwa siku za kazi au kwa kitu kingine, na mwenyewe akitaka shamba lake unampa. Mwenye bwasa hapandi ndizi wala kahawa, kwa sababu mti unaokaa unasema «hapa ni kwangu». Anapanda maharagi, mihogo, viazi vitamu, anavuna, anaondoka. Sheria ya mwaka 1973 imesema udongo wote ni wa Leta, lakini nendeni Walungu mkaulize nani anatoa bwasa.

Nyumba yetu ilikuwa na watu wengi wa bwasa. Mwanzo wa mwezi wa nane, kabla ya kulima kwa ajili ya mvua za Septemba, vijana wa ukoo walikuja kwetu usiku. Walikuwa wamepiga hesabu. Walisema watu wa kando ya mto wamekula kwenye udongo wetu na wamepigia kura mtu mwingine, kwa hiyo watafute udongo kwa huyo waliyemchagua. Walitaka barua. Sisi tulikuwa sekreteri. Tulijua kwamba kura ni ya siri na kwamba hakuna anayeweza kujua nani alipigia nani. Tulijua vilevile kwamba Baba mukubwa alikuwa ameshuka Bukavu na hakuna aliyemuuliza. Lakini tulikuwa na uchungu. Tunasema uchungu, lakini neno la kweli ni hasira: hasira ya mtu aliyepigiwa makofi miaka yote na sasa anajiuliza kama makofi yale yalikuwa ya uongo. Tuliandika barua tatu. Tulitia mhuri.

Baba mukubwa aliposikia alipanda siku ile ile, juu ya lori la mbao, yeye mtu wa malete. Hakupiga kelele. Aliita watu wa bwasa na watu wa ukoo pamoja, akaomba barua zirudi. Mbili zilirudi. Ndipo mzee mmoja wa kando ya mto aliomba neno. Alipiga makofi kwanza, kama kawaida, akasema: «Muzee, heshima yako iko pale pale, hakuna mutu ameigusa. Lakini ile kura njo yangu. Nilikupa heshima, na kura nikapa mutu aliyefika kwangu akaona mahali tunalala.» Baba mukubwa alikaa kimya. Halafu akacheka kidogo, akasema maneno tuliyoyaandika jioni ile katika kayé yetu: kwamba sisi tulifikiri Kinshasa tulipewa kwa kalinzi, kumbe ilikuwa bwasa, na tulikuwa tumekwisha kupanda ndizi.

Tumelifikiria neno hilo miaka mingi. Sisi wapenda mila tunalalamika kwamba uchaguzi ni kitu cha wazungu, hauna mizizi hapa. Lakini bwasa haikutoka Ulaya. Kila mtoto wa Bushi anajua tofauti ya udongo wa kukaa na udongo wa msimu, na anajua kwamba mwenye shamba akirudisha shamba lake hajamtukana mpangaji. Kilichotushinda ni kujiona sisi upande ule. Tangu babu tulikuwa watoa bwasa. Hatukujua kwamba siku ya tarehe 30 wenye shamba walikuwa wale waliosimama mstarini na karte shingoni, na sisi ndio tuliokuwa na jembe mkononi tukingojea jibu.

Hata Katiba ya 2006 ilikuwa imetuambia, kama tungesoma bila majivuno. Kifungu cha 207 kinatambua mamlaka ya kimila, na palepale kinasema kwamba shefu anayetaka mandati ya kuchaguliwa lazima asimame kwenye uchaguzi, isipokuwa nafasi chache za mashefu wanaoingizwa katika mabunge ya majimbo. Tulisoma sehemu ya kwanza kwa furaha, hiyo nyingine tukaipita.

Na tusidanganyane kwamba shida hii ni ya nyumba yetu tu. Mzee Banda wa Malawi alikuwa mpenda mila kuliko sisi: wanawake alikuwa amewakataza suruali na sketi fupi, na tangu mwaka 1971 aliitwa rais wa maisha. Mwezi wa tano 1994 alishindwa kwa kura, akakubali, akaondoka. Mtu ambaye cheo chake kilisema atatoka kwa kifo tu, alitoka na miguu yake. Karibu zaidi, ng'ambo ya Ruzizi, Buyoya alishindwa na Ndadaye tarehe 1 mwezi wa sita 1993, akakubali mbele ya watu wote, na mwezi wa saba akakabidhi. Tulisifu. Tarehe 21 mwezi wa kumi wanajeshi walimwua Ndadaye, na watu wakavuka kuja kwetu na magodoro kichwani. Mkubwa alikuwa amesema ndiyo, na ndani ya nyumba kulikuwa na waliosema hapana. Tukikumbuka hayo, tunazitazama barua zetu tatu kwa jicho lingine. Hatukuwa na bunduki. Tulikuwa na mhuri, na kila mtu anatumia alichonacho.

Huku Kongo tulingoja mpaka tarehe 24 mwezi wa kwanza 2019 kuona rais anayetoka na rais anayeingia wamesimama pahali pamoja, wote wazima, mmoja anamvika mwenzake. Juu ya hesabu za kura zile kila mtu ana maneno yake, na sisi pia tunayo, lakini si ya kitabu hiki. Siku ile tulikuwa Bukavu, mbele ya televisheni ya jirani, na tulichotazama ni yule anayetoka. Tulitaka kuona anaweka wapi mikono.

Baba mukubwa hakugombea tena. Mwaka 2011 alienda kupiga kura kama mtu yeyote. Vijana walitaka apite mbele ya mstari. Aliwauliza kama ni kwa ajili ya nyumba yake au kwa ajili ya magoti yake. Walisema magoti. Basi akapita. Malete ile nyeusi aliwapa wajukuu, wakaweka makayé ya masomo, na mwisho wake ilikuwa kulaliwa na kuku. Watu waliendelea kuja kwake kuamuliwa mambo ya mipaka na ya ng'ombe, pengine zaidi kuliko zamani, na siku hizi wakija alikuwa anainuka na kwenda nao mpaka shambani. Alipokufa tulimzika kwa desturi zote. Hizo tunazijua.

Wengine wa ukoo wanasema kikao kile cha kurudisha barua kifanywe mila: mtu wa nyumba akitoka kwenye kazi ya Leta, kwa kura au kwa namna nyingine, aite watu, atoe kasiksi, aseme mbele yao kwamba amerudisha shamba. Wengine wanakataa kabisa, wanasema mila haitungwi kwenye kikao. Sisi tuko upande wa kwanza, ingawa tunajua kwamba mpenda mila anayetunga mila anachekesha.

Tulisema barua mbili zilirudi. Ya tatu haikurudi kwa sababu mwenyewe hakungoja kikao. Aliisoma, au alisomewa, akafunga vitu vyake na mke na watoto wanne, akashuka njia ya Kamituga kutafuta dhahabu. Shamba lake lilimea majani msimu ule. Baba mukubwa alituma watu mara mbili kumwita, hawakumwona. Baadaye tulisikia kwamba amefia kule.

Mtoto wake mmoja sasa anaendesha taksi-moto Bukavu. Tulimpanda bila kumjua, kutoka Nyawera mpaka Kadutu, na ni yeye aliyetutambua tuliposhuka. Alisema jina la baba yake. Tulianza kusema neno, tukataka amri iwe mara mbili, mara tatu, abaki na noti yote. Alikataa. Alitusalimia kama mtoto anavyosalimia mkubwa, kwa mikono miwili, akahesabu chenji moja moja kwenye kiganja chetu mpaka ikatimia, akawasha moto yake akaenda.